Magunia Mia Chini ya Kibanda cha Awiti

Yote yaliyomo humu ni kweli tupu. Naapa. Ningeapa kwa kithitu, kile kiapo cha Ukambani ambacho mwongo akikigusa hafiki msimu wa pili wa mvua, lakini mimi ni mzee wa kanisa na mchungaji amekataza. Basi naapa kwa gorogoro ya Awiti, mkebe wa kupimia unga uliobonyea ubavu mmoja na ambao haujampunja mtu tangu uingie Laini Saba. Nikipatikana na uongo humu, hata wa ukubwa wa punje, nitapiga magoti mchana kweupe, watu wakipita, nikandike sakafu ya kibanda chake kwa mikono yangu miwili.

Basi hapo Laini Saba, mtaa wa Kibera, Nairobi, kando ya reli, aliishi mzee mmoja kwa jina Ndeti. Alikuwa gadi wa treni za mizigo, mtu wa bendera na filimbi, mpaka reli ilipomstaafisha. Shule aliiachia darasa la tatu, na kusoma kwa kweli alijifunzia kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa chapati. Bendera aliirudisha, filimbi akaiiba, na mdomo akatoka nao mzima. Mdomo huo ndio uliompa jina. Ukimuuliza saa ngapi, atakuambia kwanza habari za kifaru aliyeifukuza treni yake kutoka Kibwezi hadi Sultan Hamud, akachoka, akapanda daraja la pili, amevaa koti la mvua, akalala mpaka Nairobi. Watu walimpenda kwa hilo. Uongo wa Ndeti haukuwahi kumdhuru mtu, na yeye mwenyewe alijivunia hivyo, kama vile mtu anavyojivunia mbwa asiyeuma.

Makao yake ya mchana yalikuwa benchi la Awiti. Awiti, ambaye sote tulimwita Mama Adhis kwa jina la bintiye, alikuwa na kibanda cha mabati mkabala na reli. Aliuza unga kwa gorogoro, dagaa wa omena kwa kikombe, mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo, na chai. Vibanda vingine vikiishiwa unga, chake kilikuwa nao. Siri yake ilikuwa kuamka saa kumi alfajiri na kufika sokoni kabla ya wengine, lakini siri kama hiyo haina utamu. Ndeti akaitengenezea tamu.

"Nyinyi hamjui," alikuwa akiwaambia wateja. "Chini ya hiki kibanda kuna shimo. Ndani ya shimo kuna mlango. Nyuma ya mlango kuna magunia mia ya unga, na panya wa huko wamenenepa mpaka wanavaa mishipi, suruali zisianguke."

"Na mimi ndiye ninawafulia hizo suruali," Mama Adhis angejibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria.

Mwaka ule wa uchaguzi wa 2007, mwezi wa kumi, akaja kijana mmoja, Nashon. Nashon na msichana mmoja, Mwongeli, walikuwa na bendi iliyoitwa Fyuzi. Bendi gani isiyo na gitaa wala ngoma? Walikuwa na kompyuta iliyokwisha kufa mara mbili na kufufuliwa, kinanda kisicho na vibonyezo vitatu, na chumba kimoja Kawangware walichokibandika trei za mayai kutani ili sauti isitoroke. Muziki wao wote ulitoka kwenye waya.

"Mzae, niaje," Nashon akasema. "Ile stori ya panya. Tunaitaka kwa ngoma."

"Ngoma ya disko?"

"Ya kudensi, eeh."

"Mimi ni mzee wa kanisa, kijana."

"Mzae, hakuna mtu atakujua. Hiyo sauti nitaishusha mpaka isikike kama jini limemeza pipa."

Mama Adhis naye akawaazima gorogoro. Nashon aliigonga kwa mwiko mara moja tu mbele ya kinasa sauti, na kutokana na pigo lile moja kompyuta ikatengeneza mdundo wa wimbo mzima: ka, ka-ka, ka. Mwongeli akaimba kiitikio. Katikati, mdundo ukikatika, likaja jini la pipa na shimo lake, mlango wake, magunia yake mia na panya wake wa mishipi. Wakauita wimbo "Magunia Mia."

Nani angedhani? Kufikia Novemba kinyozi wa mtaa wa Olympic alikuwa akinyoa kwa mdundo wake, na wateja wawili wakatoka na vichwa vyenye mitaro. Wapiga debe waliukariri. Redio moja ndogo ikaupiga saa ya chakula cha mchana kila siku. Katika harusi moja kule mtaa wa Raila, bibi harusi aliingia nao badala ya wimbo wa kanisa, na mamake mzazi akanyanyua viatu mkononi akacheza. Watu walikuja kibandani kutoka Kawangware kwa miguu ili tu waseme, "Mama, tupimie ule wa chini." Naye anainama chini ya kaunta, anagonga sakafu mara tatu kwa mwiko, anapima unga uleule wa juu. Biashara ikawa sherehe.

Kilichobaki ni swali moja: sauti ni ya nani? Hadithi ya panya ilikuwa imepita midomo mingi hata aliyeianzisha akasahaulika, na Fyuzi walikataa kumtaja mwenye sauti. Wengine walisema ni Mtanzania. Wengine, ni kompyuta tu, haina mwenyewe. Ndeti aliketi palepale benchini, chai mkononi, akichokoza.

"Huyo mtu, yeyote awaye, ana kipawa," anasema.

"Siku nikimpata," Mama Adhis akasema, "nitamkaangia omena sahani nzima, na kachumbari juu."

Ndeti alipanga kujitaja siku ya Krismasi, ale omena zake mbele ya mashahidi. Lakini Krismasi mchungaji alikuja kunywa chai pale kibandani, Ndeti akaahirisha. Siku mbili baadaye tukapiga kura.

Yaliyofuata kila mtu anayajua, sina haja ya kuyapamba. Matokeo yalisomwa Jumapili jioni, na kabla redio haijanyamaza moshi ulikuwa umekwisha panda. Nyumba ziliungua. Watu waliokopeshana chumvi wakaanza kuulizana majina ya baba zao. Barabara zikafungwa, malori ya unga hayakuingia. Mama Adhis aligawanya gunia lake la mwisho kwa nusu gorogoro, kisha kwa robo, Mkamba apate, Mjaluo apate, Mluhya apate, mpaka akakung'uta gunia juu ya meza na kufagia vumbi lake kwa kipande cha kadi, akampa mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Ndeti aliyaona hayo kwa macho yake. Alikuwa amelishika gunia upande mmoja.

Katikati ya Januari vijana waling'oa reli. Ndeti alisimama akatazama njia aliyoipita maisha yake yote ikinyanyuliwa kama mfupa wa samaki. Alasiri ya siku hiyo ndipo mtu fulani alipowasha redio ya betri mahali fulani kwenye vichochoro. Ka, ka-ka, ka. Jini la pipa likaanza: chini ya kibanda cha Awiti kuna shimo.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa siku ya tatu watu hawajala. Walisikiliza jinsi mtu anavyosikiliza tangazo.

"Lakini kweli," sauti moja ikasema. "Yeye alipataje unga siku zote hizo?"

Walikuja kama thelathini, na wote walikuwa majirani. Mbele alikuwa Shivachi, mshona viatu, mtu mpole mwenye watoto wanne, na jembe begani. Mwingine alibeba kipande cha reli kilichong'olewa asubuhi hiyo. Mama Adhis alisimama mlangoni, gorogoro ameikumbatia kifuani kama mtoto.

"Mama, pole," Shivachi akasema. "Tutoe tu kidogo. Watoto wamelala njaa."

"Shivachi, hakuna kitu. Juzi si nilikupimia robo ya mwisho?"

"Ya juu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tunataka ya chini."

"Ya chini gani? Huo ni wimbo!"

"Wimbo hautoki bure," akasema yule wa reli. "Mtu hawezi taja mlango na panya kama hajaona."

Ndeti alikuwa benchini. Shivachi akageuka, akamtazama kwa heshima, kwa maana katika umati ule yeye ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote.

"Mzee Ndeti. Wewe hukaa hapa kutwa. Tuambie ukweli, tutakusikia wewe. Kuna shimo ama hakuna?"

Mama Adhis naye akamgeukia. Kila mtu akamgeukia. Ilikuwa kazi ya maneno matatu: ni uongo wangu. Ndeti aliyaona yakija mpaka kwenye meno. Lakini aliona pia jembe, na kile chuma, na akawaza: wakijua ni mimi niliyewapa tumaini la magunia mia wakiwa na njaa hivi, kichwa changu kitakuwaje? Akaitazama chai yake. Hata haikuwa chai. Yalikuwa maji ya moto.

"Mimi sijui," akasema. "Mimi hunywa chai tu hapa."

Wakachimba. Walichimba mpaka magotini, wakapata mifuko ya plastiki. Wakachimba mpaka kiunoni, wakapata kandambili moja na maji meusi. Kila walipokosa, mmoja alisema mlango uko mbele kidogo, kwa sababu wimbo ulisema mlango uko ndani ya shimo. Mama Adhis hakulia. Aliwatazama tu, kisha akasema:

"Chimbeni. Mkifika kwetu Siaya mnisalimie."

Jua lilipoinama walikuwa wamechimba shimo lenye kina cha mtu mzima. Kwa hasira ya kukosa, wengine wakang'oa kaunta, wengine mabati. Shivachi hakuchukua kitu. Aliketi ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia ndani, jembe mapajani, akitazama maji meusi. Mama Adhis akamwekea mkono begani akipita, akaenda zake Kawangware kwa bintiye, gorogoro mkononi. Ndeti hakumwangalia. Alikuwa amelikalia lile benchi lake, pekee lililobaki zima, mbele ya shimo alilolichimba kwa mdomo.

Kuanzia hapo Ndeti akanyamaza. Watu walidhani ni reli inayomuumiza. Walimwambia, "Mzee, tupe ya kifaru, tucheke kidogo," naye anasema kifua kinabana. Akiusikia ule mdundo kwa mbali anabadilisha njia, na siku hizo kubadilisha njia Kibera halikuwa jambo la mchezo. Kanisani aliombwa aongoze sala ya amani. Akasema ana mafua. Lile shimo lilijaa maji ya mvua, watoto wakaliita Bwawa la Awiti, na kila asubuhi alipita kando yake kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya msiba ambayo hakwenda kutoa pole.

Mwisho wa Februari wakubwa wakapeana mikono, redio zikarudia muziki, na Nashon akarudi na tabasamu.

"Mzae, watu wanaitisha 'Magunia Mia' sehemu ya pili. Sasa imekuwa maarufu hata zaidi, juu ya ile stori ya kuchimba."

"Toka," Ndeti akasema.

"Mzae?"

"Toka mbele yangu, Nashon, kabla sijakutapikia."

Kesho yake Ndeti akafunga pakiti mbili za unga kwenye kitambaa, akatembea kutoka Laini Saba mpaka Kawangware kwa miguu. Mama Adhis alikuwa ameketi nje ya chumba cha Adhis akichagua maharagwe. Ndeti akasimama mbele yake, akavua kofia, na kwa sauti iliyosikika plotini mote akasema: "Mama Adhis, sauti ile ni yangu. Mimi ndiye niliyekuchimbia shimo, na mimi ndiye niliyesema sijui. Nimekuja unihukumu." Wapangaji wote wakatoka milangoni. Mama Adhis akafuta machozi kwa kanga, akasema, "Mzee, ukweli ni dawa," na wakanywa chai.

Hapo ndipo hadithi ilipoishia kwenye daftari langu, nami niliupenda mwisho huo sana. Ila Mama Adhis alikuwa amenionya kwamba maandishi haya hayatatoka kibandani kabla hajasomewa yote. Basi jana alasiri nikamsomea, nimekaa benchini, Shivachi akishona soli kando yangu. Kwa kifaru Mama Adhis alicheka. Kwa shimo hakucheka. Nilipofika pa kufuta machozi kwa kanga, akaweka mwiko chini.

"Futa hapo."

"Pa kanga?"

"Pa kanga, pa kofia, pa kusimama. Nani alisimama?"

"Mama Adhis, ni kupamba tu. Hadithi lazima ifungwe vizuri."

"Pale mwanzo uliapa kwa kitu gani? Soma tena."

Nikasoma. "Kwa gorogoro."

"Gorogoro ya nani?"

"Yako."

"Basi andika vile ilikuwa."

Haya. Ilikuwa hivi. Ndeti alifika Kawangware kweli, na pakiti mbili kweli. Hakuvua kofia. Alipewa kigoda, akapewa chai, na uji wa Adhis juu yake, na kila alichopewa kilimshuka kama kokoto. Mama Adhis alifurahi kumwona. Alimuuliza habari za kifua. Kisha akasema:

"Mzee, wewe unajua watu wengi. Yule mwenye sauti, bado sijamjua. Mimi sitaki ugomvi. Nataka tu aniambie nilimkosea nini."

Pale ndipo mtu angesema. Ndeti akasema, "Alikufa."

"Alikufa?"

"Mwezi uliopita. Amezikwa kwao Mwingi."

Mama Adhis akaweka mkono mdomoni. "Maskini. Na mimi nilikuwa nimemlaani. Ameacha watoto?"

Mtu mwenye haya angekomea hapo. Lakini Ndeti alipoona amesadikiwa, ule mdomo wake, uliokuwa umelala mwezi mmoja na nusu, ukaamka wenyewe. Akamwambia watoto sita. Akamwambia mabasi matatu ya waombolezaji. "Hata kunguru walikuja, Mama Adhis. Walijipanga kwenye tawi moja, kimya, kila mmoja amefunga tai nyeusi."

Mama Adhis akaacha kuchagua maharagwe.

"Tai?"

"Nyeusi."

"Kifaru, koti la mvua," akasema polepole. "Panya, mishipi. Kunguru, tai." Akainua macho. "Ndeti, hii Nairobi yote ina fundi mmoja tu wa kushonea wanyama nguo."

Ndeti akainamia kikombe chake.

"Shimo halikuniuma," akaendelea. "Mabati hayakuniuma, watu walikuwa na njaa. Hata wimbo niliucheza mwenyewe. Kilichoniuma ni Shivachi alipokuuliza. Nilikutazama nikajiambia, sasa nimepona, mzee atasema. Wewe ukaangalia kikombe. Na leo tena umeangalia kikombe."

Ndeti akakiweka kikombe chini.

"Utarudi Laini Saba," akamwambia. "Utalijaza lile shimo. Usiajiri mtu. Wewe na mikono yako. Likijaa, nitarudi. Na yeyote atakayeuliza kwa nini, utamwambia."

Alilijaza kwa siku kumi na moja. Waliuliza wengi, akawaambia, na hakuna aliyempiga. Walimtazama tu, na afadhali wangempiga. Siku ya tatu Shivachi akaja na debe la udongo, akalimwaga, akaondoka. Lilipojaa Mama Adhis akarudi, kibanda kikasimamishwa upya. Kisha Ndeti akaenda kwa Fyuzi mwenyewe, akadai aingizwe mwishoni mwa wimbo kwa sauti yake mbichi, isiyoshushwa: "Mimi ni Ndeti wa Laini Saba. Hakuna shimo. Hakukuwa na shimo." Nashon na Mwongeli wakakubali. Redio ikaupiga mara mbili ikaacha. Kinyozi wa Olympic huukata kabla haujafika hapo, anasema unaharibu utamu.

"Sasa ni kweli?" nikamuuliza Mama Adhis.

"Karibu." Akamtazama Shivachi, Shivachi akainamia soli yake, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Huyu Ndeti ni nani? Ndeti akasema, Ndeti akaenda. Kama mtu aliyehamia Mombasa."

"Ni mimi," nikasema.

"Ongeza sauti."

"Ni mimi! Ndeti ni mimi!"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji wakageuka wote. Mama Adhis akasukuma debe la udongo kwa mguu mpaka likagusa kiatu changu. Tangu mvua za Aprili ile sakafu imebonyea pale nilipojaza, na benchi hukaa limeinama kama mlevi anayesikiliza siri. Nikakunja suruali, nikapiga magoti.

Mistari hii ya mwisho anaiandika Adhis, mimi namtajia nikiwa chini. Mikono yangu ina udongo.